Bado Yangu Iliyompita Bwana Afya

Ninyi mnaobaki pale Mikocheni mmeniomba niandike, basi nimekaa mezani kwangu Kinondoni, miwani puani, nikiwa na muda ambao kwa miaka mingi sikuwa nao. Nimestaafu juzijuzi tu na mwili haujaelewa. Saa kumi na moja alfajiri unanyanyuka wenyewe, unatafuta viatu. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyote viwili vilinipita mara nyingi bila kunisalimia na sina habari zake. Nitawaeleza kazi yenyewe, mtu aliyenifundisha, na wiki moja ambayo nikiikumbuka namshukuru Mungu kwa sauti, hata nikiwa peke yangu jikoni.

Kabla ya Mikocheni nilikuwa mwingizaji data kwenye ofisi moja karibu na bandari. Kutwa nzima nilichapa majina ya watu na namba za makontena. Programu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, watoto wakishalala. Nilipopata kazi yenu hii nilikuwa na miaka thelathini na ushee, watoto wawili, na imani kubwa kwamba naijua kompyuta. Imani hiyo ilidumu mpaka saa tano asubuhi ya siku ya kwanza.

Ofisi ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa, upande mmoja kiwanda cha magodoro, upande wa pili familia iliyofuga bata. Seva ilikaa bafuni, kwa sababu bafu ndilo lilikuwa na vigae na ubaridi. Mgeni akiuliza choo kiko wapi ilibidi mtu amsindikize, asije akatuzimia mitambo. Bata walikuwa wakiingia mpaka sebuleni, wanatuangalia, wanaondoka. Sikuwahi kujua walikuwa wanatafuta nini.

Aliyenipokea alikuwa Maalim Nassor. Jina la Maalim tulimpa sisi, yeye hakuwahi kufundisha chuoni wala madrasa. Alikuwa mtoto wa familia ya wenye maduka, wale Waarabu wa siku nyingi ambao babu zao waliuza vitambaa hapa mjini kabla ya babu zetu kuvishona. Alikwenda kusoma ng'ambo, akarudi na ndevu, tabia ya kuvaa kanzu kila Ijumaa, na lugha ya programu ambayo hapa mjini hakuna aliyekuwa akiitumia. Ni lugha ya fankisheni. Kila kitu ndani yake ni fankisheni, yaani kipande cha programu kinachopokea kitu na kurudisha kitu. Na kila kitu kina aina yake: hii ni namba, haya ni maneno, hili ni jibu la ndiyo au hapana. Ukitaka namba na maneno vikae sufuria moja, lugha inakataa kabla programu haijaanza hata kukimbia.

Siku hiyo ya kwanza ilinikataa mara nyingi kuliko nilivyowahi kukataliwa maishani.

"Maalim, kompyuta imekataa tena," nikamwambia.

"Kompyuta haina neno na wewe. Aliyekataa ni Bwana Afya."

"Bwana Afya yupi?"

"Yule wa mtaani. Hujawahi kumwona? Anakuja kwa mama ntilie na daftari lake, anafunua kila sufuria, anachungulia mpaka chooni. Akikuta nzi mmoja tu, leo hufungui. Huyu wetu anakaa ndani ya kompaila, ile inayoitafsiria kompyuta tulichoandika. Anakagua aina. Mheshimu, utalala usingizi."

Tangu hapo mkaguzi wa aina akaitwa Bwana Afya, na naona mpaka leo mnamwita hivyo bila kujua jina lilitoka wapi. Wiki ya kwanza nililia mara mbili kwa ajili yake. Mwezi wa tatu nikaanza kumpenda. Alikuwa akinionyesha makosa ambayo kwenye lugha zangu za zamani ningeyajua kwa kupigiwa simu na mteja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya nikubali kuandika. Siku moja nilikuwa naandika fankisheni ya kugawanya. Inapokea namba mbili, inarudisha namba. Mtu akigawanya kwa sifuri, irushe hitilafu, yaani isimamishe kazi na kupiga kelele, mpaka fankisheni nyingine iliyo juu yake iidake. Ni kurusha na kudaka, kama tulivyocheza rede utotoni. Nikaandika, nikasubiri Bwana Afya anigombeze, maana njia moja ilirudisha namba na nyingine haikurudisha chochote. Akakaa kimya. Nikaibadilisha irudishe maneno, upande wa kurusha nikauacha vilevile. Kimya. Nikabadilisha iwe ndiyo au hapana. Kimya. Nikaenda kwa Maalim na swali: hivi huku kurusha kuna aina gani?

Akasukuma kiti nyuma. Alipenda maswali ya namna hiyo kuliko chakula.

"Nikikutuma dukani uniletee sukari, ukarudi na sukari?"

"Umefurahi."

"Ukarudi na chumvi?"

"Unanigombeza."

"Na usiporudi kabisa?"

"Utanitafuta, Maalim."

"Nitakutafuta, ndiyo. Lakini siwezi kusema umeniletea chumvi. Sasa anayerusha hitilafu ndiye asiyerudi. Hakuleta kitu, kwa hiyo hawezi kuwa ameleta aina mbaya. Ndiyo maana Bwana Afya anamruhusu asimame popote. Panapotakiwa namba, anahesabiwa namba. Panapotakiwa maneno, anahesabiwa maneno. Ana aina yoyote utakayo."

"Kwa hiyo hapo Bwana Afya anapita tu, anaangalia simu."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Anapita, Saada. Na hana kosa. Kazi yake ni kukagua kinachorudi. Asiyerudi ni juu yetu."

Nilielewa kwa kichwa siku ile ile. Kuelewa kwa tumbo kulichukua miaka.

Zipo lugha ambazo mkaguzi anadai kila fankisheni itangaze inachoweza kurusha. Maalim alizijaribu. Alisema watu huchoka kutangaza, wakaanza kudaka kila kitu kienyeji ili mkaguzi awaache wapumzike. Sisi tukabaki na yetu, na tukautumia ule upole wake wa kurusha kama nafuu ya kazini. Ukiwa na fankisheni kumi, moja kati yake haijakamilika, hukuhitaji kusimamisha zote. Mahali pa ile moja unarusha hitilafu inayoitwa "bado", na kwa kuwa kurusha kunakubalika popote, Bwana Afya anapitisha programu nzima na wewe unaendelea. Ni kama kuweka ndoo kwenye foleni ya bomba ukaenda zako kupika. Ndoo haina maji, lakini nafasi ni yako.

Hatari yake tuliijua, ndiyo maana Maalim aliweka desturi. Ukiandika bado, unaitangaza kwa sauti palepale: "Nina bado moja!" Naye, popote alipo nyumbani mle, anaitikia "Nimeisikia" na kuiandika kwenye daftari lake dogo la kalamu ya risasi. Ukiimaliza, anaifuta. Programu haitoki kwa mteja mpaka ukurasa uwe mweupe. Wageni walituona wehu, watu wazima kupiga kelele za bado kutwa nzima. Lakini kwa miaka hakuna bado hata moja iliyovuka geti.

Baadaye tukapata kazi ya benki ya damu ya hospitali moja upande wa Temeke. Kwenye friji kuna mifuko ya damu, wodini kuna wagonjwa, na programu yetu ilitakiwa kuchagua mfuko upi umfae nani. Watu wengi wanadhani ni suala la kundi tu. Kumbe wagonjwa walioongezewa damu mara nyingi miili yao hujifunza kuikataa damu ya watu wengine hata kama kundi ni lile lile. Wanakuwa na kingamwili. Ukimpa mfuko usiofaa, mwili wake unaivunja ile damu, na anaweza kufa kitandani mbele yako.

Tuliyefanya naye kazi kule ni Upendo, mtaalamu wa maabara, dada mmoja mrefu, mcheshi, mwenye mwandiko mzuri ajabu. Alinikalisha kwenye stuli yake akanionyesha anavyopima kwa mkono: majimaji ya damu ya mgonjwa na chembe za mfuko kwenye tyubu, vinakaa kwenye joto la mwili, vinazungushwa kwenye mashine, kisha anaigonga tyubu kwa kidole na kuangalia. Chembe zikitawanyika laini, mfuko unafaa. Zikishikana vibonge, haufai. Na alinitajia wagonjwa wake kwa majina, wa kwanza kabisa Mwajuma, msichana wa miaka ishirini mwenye selimundu, ambaye alikuwa akiongezewa damu tangu mdogo na sasa kumpatia mfuko ilikuwa kazi ya nusu siku.

"Huyu ndiye mtihani wenu," Upendo akaniambia. "Mkimpatia Mwajuma, mmepatia wote."

Fankisheni kuu niliiandika mimi. Inapokea mgonjwa na mfuko, inarudisha orodha ya pingamizi. Orodha ikiwa na kitu, mfuko haufai. Ikiwa tupu, hakuna pingamizi, skrini inakuwa kijani. Sehemu ya makundi niliimaliza. Sehemu ya kingamwili nilikuwa nasubiri majedwali kutoka kwa Upendo, kwa hiyo Ijumaa moja mchana nikaweka bado. Nikaita kama desturi, "Nina bado moja!" Hakuna aliyeitikia. Maalim alikuwa ameshakwenda swala ya Ijumaa, na daftari lilikuwa mfukoni mwa kanzu yake. Lameck, kijana wetu mpya kutoka Mwanza, alikuwa amevaa vile visikilizio vikubwa vya masikioni. Nikasema moyoni, akirudi nitamwambia. Aliporudi, mwanangu alikuwa amenipigia simu kwamba bomba limepasuka nyumbani, maji yako mpaka sebuleni. Nikaondoka.

Alasiri ile ile Lameck alipewa malalamiko ya hospitali. Toleo la majaribio walilokuwa nalo, likipata hitilafu yoyote, lilikuwa likitoa dirisha jekundu lenye maneno ya Kiingereza, na watu wa maabara walikuwa hawalitaki hata kuliona. Lameck akaandika mdakaji, kwa adabu na usafi kabisa. Hitilafu yoyote ikirushwa kutoka kwenye fankisheni yangu, aidake, asionyeshe jekundu. Sasa, sikilizeni vizuri hapa. Anayerusha haulizwi aina, lakini anayedaka anaulizwa. Baada ya kudaka lazima arudishe kitu cha aina inayotakiwa. Bwana Afya akamdai Lameck orodha ya pingamizi. Lameck akampa iliyokuwa karibu: orodha tupu. Ni orodha kweli, haina nzi hata mmoja. Bwana Afya akaridhika.

Jumatatu Lameck akaniletea kazi yake niikague. Niliisoma kwa macho yangu mawili, nikiwa nafikiria fundi bomba, nikamwambia, "Poa, iko safi." Daftari la Maalim lilikuwa jeupe. Programu ikaenda Temeke.

Jumatano saa nne asubuhi simu yangu ikalia.

"Bi Saada, shikamoo."

"Marahaba, Upendo. Mzima?"

"Mie mzima. Nina ishu. Mwajuma kalazwa tangu jana, damu imeshuka mno. Mashine yenu imempitishia mifuko miwili, yote kijani. Huu wa pili nimeupima mwenyewe. Umeshikana."

"Umeshikana kivipi?"

"Vibonge, Bi Saada. Hata bila hadubini naviona."

Nilisimama. "Na ule wa kwanza?"

"Wa kwanza katoa mwenzangu, mie niko kikaoni. Kafanya kile kipimo cha haraka tu, kaona kijani, kaupeleka wodini. Nusu saa na zaidi sasa hivi."

"Wameshamtundikia?"

"Simu ya wodi haipokelewi. Naenda mwenyewe. Usikate."

Sikukata. Nilisikia viatu vyake kwenye korido, mlango, mtu anamsalimia asiitikie, ngazi, kisha simu ikakatika yenyewe. Nikapiga, haipatikani. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Niliogopa kuliko siku niliyojifungua, maana siku ile angalau nilikuwa najifia mwenyewe.

Nikamwita Lameck, nikamwambia apige maabara waache kabisa kuiangalia skrini yetu, mfuko wowote usitoke kwa neno lake. Akapiga. Mimi nikafungua programu. Haikunichukua dakika mbili. Bado yangu ilikuwa palepale nilipoiacha Ijumaa. Mgonjwa yeyote mwenye kingamwili alikuwa akifika pale, hitilafu inarushwa, mdakaji anaidaka kabla haijapiga kelele, anarudisha orodha tupu, na skrini inasema hakuna pingamizi. Kwa wagonjwa wengine wote programu ilifanya kazi vizuri kabisa. Ilikosea kwa wale tu ambao tuliitengeneza kwa ajili yao.

"Bi Saada, mimi ndiye niliyedaka kila kitu," Lameck akasema. Macho yalishamwiva.

"Na mimi ndiye niliyerusha. Na ndiye niliyesema poa. Kaa chini."

Maalim alikuwa amesimama nyuma yetu, sikujua tangu lini. Akatoa daftari, akafunua ukurasa wa Ijumaa, akatuonyesha ulivyo mweupe.

"Ulikuwa msikitini, Maalim," nikasema. "Niliita."

Aliliangalia lile daftari kama mtu aliyeuziwa kitambaa kibovu. "Basi mimi ndiye niliyekosea kuweka usalama wa watu mfukoni mwa kanzu," akasema, akaliweka juu ya meza. Hakupaza sauti. Ningefurahi kama angepaza.

Tukakaa watatu tukiitazama simu. Kiwandani kwa jirani walikuwa wanakata sponji. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilijaribu kusoma dua nikakuta nimesahau katikati, mimi niliyesoma tangu mtoto. Kisha simu ikalia.

"Haujatundikwa!" Upendo alikuwa anahema. "Bi Saada, haujatundikwa, ninao mkononi!"

Nilikaa sakafuni pale pale. Nililia na kucheka pamoja. Lameck alitoka nje, nikamsikia anaongea na bata kwa Kisukuma.

Kilichotokea, Upendo alituhadithia baadaye, ni mama yake Mwajuma, Bi Zainabu. Mama huyu ni mwenyeji wa Temeke, anauza vitumbua, na kwa miaka yote ile hajawahi kumwacha mtoto wake aongezewe damu bila yeye kuukagua mfuko. Kusoma anasoma kidogo. Anachokijua ni mwandiko wa Upendo. Muuguzi alipoleta mfuko, Bi Zainabu akaomba aone karatasi iliyobandikwa, akaiangalia, akasema, "Huu si mwandiko wake. Mie huyu aliyeandika simjui. Niitieni Upendo." Muuguzi akamweleza kwamba siku hizi kuna kompyuta. Bi Zainabu akamwambia huyo kompyuta naye hamjui. Wakabishana pale kitandani hadi Upendo alipoingia mbio. Ndiyo maana simu haikupokelewa.

Maalim alitupakia kwenye gari lake tukaenda Temeke, kwa sababu mambo kama haya hayasemwi kwa simu. Tulipofika, Upendo alikuwa ameinamia tyubu zake, anapima mfuko baada ya mfuko kwa mkono, na alishapata mmoja uliotawanyika laini. Mwajuma alikuwa amelala, midomo imempauka, kifua kinapanda na kushuka haraka. Mama yake alikuwa kwenye stuli, mkono juu ya mguu wa mtoto.

Nilimwamkia, nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia mimi ndiye niliyeiandika programu iliyoupitisha ule mfuko, kwamba haikukosea yenyewe, nimekosea mimi, na kwamba nimekuja kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Ingekuwa haki yake.

"Kwa hiyo damu ya mwanangu hiyo mashine haikuiangalia?"

"Haikuiangalia, mama."

"Na ikasema nzuri."

"Ndiyo."

"Sasa si ingesema tu haijaangalia? Ingepungukiwa nini?"

Muuguzi akaja kutundika mfuko wa Upendo, mwandiko wake juu, na Bi Zainabu akanigeukia mgongo kumshika mtoto mkono. Tulisubiri koridoni mpaka alasiri, alipotoka Upendo kutuambia joto halijapanda, mapigo yametulia, Mwajuma ameomba juisi.

Garini, wakati wa kurudi, Maalim alilirudia lile swali peke yake mara mbili tatu. Kisha akasema, "Saada, yule mama ametukagua." Kesho yake tukaanza upya. Orodha ya pingamizi ikafutwa. Fankisheni ile sasa inarudisha moja ya majibu matatu: Inafaa, Haifai pamoja na sababu, au Sijui. Hakuna tena kurusha. Kutojua kukawa jibu kamili, lenye aina yake, linalorudi mlangoni kama wenzake na kusimama mbele ya mkaguzi. Na hapo Bwana Afya aliyekuwa akipita anaangalia simu akageuka akawa yule ninayemjua. Programu nzima ilikataa. Kila sehemu iliyopokea jibu lile alidai tumwonyeshe: likija Sijui, utafanya nini? Hapa je? Na hapa? Tulimjibu mahali kumi na saba. Sijawahi kufurahia kukataliwa kama wiki ile.

Desturi ya kutangaza bado mnayo mpaka leo, ila sasa programu yenyewe inakataa kutoka ikiwa na bado ndani, na hilo aliliandika Lameck. Kudaka kila kitu kulipigwa marufuku. Mkidaka, dakeni kile mnachokijua kwa jina. Na kimya cha Bwana Afya msikichukue kuwa sifa. Kuna mahali anakaa kimya kwa sababu mmemridhisha, na kuna mahali anakaa kimya kwa sababu hakuna kilichorudi cha kukagua. Nawaomba mjue mko kwenye kimya kipi.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa hospitali. Bosi mmoja kule, mtu mwema lakini mpenda sifa, alikasirika alipoona maneno kwenye skrini. Alisema yeye ameagiza mashine ya kujua, iweje imwandikie mtu Sijui kwa herufi kubwa? Wageni watasemaje? Akataka tuweke "Inachakatwa" au kitu chochote cha heshima. Mimi ambaye sikuwahi kumbishia mteja nilimwambia neno hilo likitoka na mimi natoka, na programu nitaifuta kwa mkono wangu. Maalim alikohoa kidogo akaangalia dari. Neno likabaki.

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja nilikuwa Temeke kwa shughuli nyingine ya programu ile ile, nimekaa karibu na Upendo, ikaingia karatasi ya Mwajuma. Damu imeshuka tena. Bi Zainabu akaja nayo mwenyewe mpaka dirisha la maabara, akaniona, akanitambua. Tukasalimiana. Upendo akaingiza namba ya mgonjwa. Kwa mifuko mitatu skrini ikasema Haifai, na sababu zake. Kwa wa nne, ambao kingamwili moja haikuwa na jedwali lililokamilika, ikaandika SIJUI.

Upendo alinyanyuka, akautoa mfuko kwenye friji, akavuta stuli, akapanga tyubu zake. Bi Zainabu alikuwa akichungulia dirishani muda wote ule.

"Imeandika nini?" akaniuliza.

"Imesema haijui, mama. Ndiyo maana Upendo anapima mwenyewe."

"Imesema yenyewe?"

"Yenyewe."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akajifunga khanga vizuri, akakaa kwenye benchi kungoja.

"Basi hiyo," akasema, "naweza kuiachia mwanangu."